Uhuru: Setilaiti Iliyopaa Kutoka Bahari ya Malindi

Ndugu msomaji, waulize watoto wako neno "Uhuru" limeingiaje katika elimu ya nyota. Yumkini hawatajua, ilhali jambo lenyewe lilitendeka mbele ya pwani yetu, kwenye jukwaa la chuma la San Marco, kaskazini ya Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, Waitaliano waliirushia Marekani setilaiti ya kwanza iliyoundwa makusudi kwa kutazama eksirei za mbinguni. Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi hiyo, akaipa jina la Kiswahili kuwashukuru wenyeji. Jina zuri, lakini wenyeji walipata jina na wageni wakapata elimu. Uhuru ilizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, sambamba na ikweta, hata kule Nkwenda, Kagera, ikipita jirani ya migomba ya watu pasi na wao kuwa na habari.

Eksirei hizo haziteremki ardhini, hewa huzimeza. Huko juu, mwaka 1971, Uhuru iliiona Cen X-3 ikipiga kama mshipa kila sekunde 4.8: nyota ya nutroni. Iliiona pia Cygnus X-1 ikimetameta upesi mno, ishara ya kitu kidogo; wataalamu wakaja kukubali kuwa ni shimo jeusi. Vyote viwili huvuta hewa ya nyota jirani, nayo huzunguka ikipata moto hadi kutoa eksirei.

Lakini hewa hiyo ina umbo gani? Pitisha kamba baina ya fito mbili zilizosimama, uitikise: mtikiso wa juu na chini hupita, wa ubavuni huzuiliwa. Mwanga nao hutikisika. Ukigonga kitu ukaruka, kama mng'aro wa jua majini unaomsumbua nahodha, mitikisiko yake huelekea kujipanga upande mmoja. Hiyo ndiyo polarizesheni.

Setilaiti ya IXPE, ya Marekani na Italia, ilirushwa Florida tarehe 9 Desemba 2021 kuupima mpango huo. Kwa Cygnus X-1 ilipata asilimia 4, upande mmoja na mkondo unaochomoka hapo. Basi hewa yenye moto mkali imetandazwa kama mkeka, haikusimama kama mnara. Kwa Cen X-3 haikufika 6, na hesabu za zamani kwa nyota za namna hiyo zilitaraji hata 80! Wataalamu wakarudi kwenye madaftari yao.

Na IXPE, ikipita juu ya ikweta, habari zake ilizishusha kwenye kituo cha Waitaliano, huko huko Malindi.