Fulusi za Shaba za Kilwa

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Kilwa Kisiwani. Katika mchanga wa pwani yake, na katika magofu yake, watu wameokota tangu zamani vipande vidogo vya shaba, vya mviringo, vilivyofunikwa na kutu ya kijani. Hizo ndizo fulusi za masultani wa Kilwa, zilizopigwa kabla Wareno hawajauteka mji ule mwaka wa 1505.

Fulusi hizi zina jambo la kupendeza. Upande mmoja pameandikwa kwa Kiarabu jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na pande hizo mbili zina vina, kama mishororo miwili ya shairi. Lakini hazina mwaka. Basi mtu atajuaje ni za lini? Atajua kwa mahali zilipolala, na kwa vitu vilivyolala pamoja nazo.

Twaweza kutoa mfano. Zamani wenye elimu walidhani ya kuwa sultani Ali bin al-Hasan alitawala yapata mwaka wa 1200. Kisha, mwaka wa 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilionekana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zenye jina la Ali bin al-Hasan; na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, zilizopigwa karne ya 11. Kwa ajili ya ujirani huo, wataalamu waliirudisha nyuma tarehe ya Ali zaidi ya miaka mia. Kama aliyezipata angaliuza dhahabu na kuitupa fedha, nani angalijua?

Tazameni tena upande wa pili. Mwaka wa 1944 askari mmoja wa Australia aliokota mchangani, katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake, fulusi tano za Kilwa na sarafu nne za Waholanzi. Alizitia katika kopo, zikakaa miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Zilivukaje bahari kubwa namna ile? Wataalamu wangali wakibishana, kwa maana hapana aliyeandika zilikuwa katika tabaka gani la mchanga.

Siku hizi kuna chombo kinacholia kinapopita juu ya madini yaliyofukiwa. Mwenye nacho hufukua upesi, husugua upesi, akauliza bei upesi. Nasi hatuwezi kumcheka, maana tuliwahi kupewa fulusi moja, tukaisugua kwa ndimu na mchanga kama sufuria, ili wanafunzi waisome vizuri. Iling'aa sana, ila jina la sultani lilikuwa limekwisha. Tukabaki na kipande cha shaba kisicho na habari.

Yafaa kila mtu ajue ya kwamba ile kutu ngumu ya kijani si uchafu. Ni ngozi ya shaba, nayo mara nyingi ndiyo iliyoshika maandishi. Asidi ya ndimu huila, na mchanga huikwaruza. Kutu mbaya ni ile nyepesi, ya unga, itokayo kwa chumvi ya bahari. Hiyo huendelea kuila sarafu. Dawa yake ni kuiweka sarafu pakavu, na kuipeleka kwa mafundi wa makumbusho, ambao huitoa chumvi polepole kwa maji safi, kwa siku nyingi.

Tena Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka wa 1964, inayolinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka wa 1863; wala hairuhusiwi kuchimba magofu pasipo kibali.

Basi mwanafunzi akileta fulusi, tusiulize kwanza itauzwa kiasi gani. Tumwulize aliiona wapi, kina gani, na karibu na nini; tuandike majibu siku ile ile, tukawape habari wenye kazi hiyo. Wazee wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Fulusi ya Kilwa ni mali, na daftari yake ni ardhi iliyolala ndani yake.