Faibromialjia: Maumivu yasiyoonekana kwenye eksirei

MGONJWA hufika hospitalini akilalamikia maumivu ya mwili mzima. Damu hupimwa, eksirei hupigwa, na majibu yote huonyesha kuwa hana kasoro. Hurudishwa nyumbani na tembe za kutuliza maumivu, na pengine na lawama kwamba ni mvivu au anajifanya.

Huenda mtu huyo anaugua faibromialjia. Maradhi haya huambatana na maumivu yaliyosambaa mwilini, uchovu, usingizi usioburudisha na kusahausahau. Hukadiriwa kuwapata watu 2 hadi 4 kati ya kila 100, wengi wao wakiwa wanawake. Chanzo chake hakijabainika kikamilifu, lakini utafiti unaonyesha kuwa ubongo na uti wa mgongo hukuza ishara za maumivu kupita kiasi, hata kama misuli na viungo havijaharibika.

Kwa miaka mingi madaktari wengi walitilia shaka kuwepo kwake. Mnamo 1990, chama cha wataalamu wa baridi yabisi nchini Marekani kilitoa mwongozo: maumivu yawe yamedumu angalau miezi 3, na mgonjwa aumie katika sehemu 11 kati ya 18 zinapobonyezwa. Mwongozo mpya wa 2010 uliondoa sharti hilo la kubonyeza. Badala yake, daktari humhoji mgonjwa, akahesabu maeneo yanayouma na kupima uzito wa dalili nyingine.

Hatua nyingine ilitokana na orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyoanza kutumika 2022. Orodha hiyo inaweka faibromialjia katika kundi la maumivu sugu ambayo ni ugonjwa wenyewe, wala si dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Kutambuliwa rasmi si suala la makaratasi tu. Ugonjwa usio na jina kwenye kumbukumbu za serikali hautengewi fedha, na anayeugua hana hoja mbele ya mwajiri wake. Ndiyo maana Marekani ilitoa kanuni mwaka wa 2012 za kuamua maombi ya msaada wa ulemavu kutokana na faibromialjia, nayo Brazil ikapitisha sheria mwaka wa 2023 kuhusu matibabu yake katika hospitali za umma.

Vipimo vya damu vingali na umuhimu, kwani matatizo ya tezi, upungufu wa damu na baridi yabisi ya viungo huwa na dalili zinazofanana. Tiba hujumuisha mazoezi mepesi yanayoongezwa polepole, ushauri nasaha na baadhi ya dawa za mfumo wa neva.

Anayeshuku kuwa na maradhi haya anashauriwa kuandika kila siku mahali panapouma na jinsi alivyolala, kisha ampelekee daktari maelezo hayo. Utambuzi wake hauhitaji mashine ya bei ghali. Unahitaji mhudumu aliyefunzwa na aliye tayari kusikiliza.