Kurudi mazoezini: karate, judo au taekwondo?
Ukirejea mazoezini baada ya miaka mingi, mtindo uliouacha ukiwa kijana huenda usikufae tena. Taekwondo ya Korea hutegemea sana mateke ya juu, na mzigo huangukia nyonga na magoti. Judo, iliyoanzishwa na Jigoro Kano nchini Japani mwaka 1882, ni ya kukamatana na kuangushana: inataka mwenzako na mkeka, na kwanza unafundishwa kuanguka. Karate ina kata, yaani mapigo na kinga zilizopangwa, ambazo unaweza kuzifanya peke yako, hata uani. Kwa anayeishi mbali na klabu, hiyo ni nafuu kubwa. Ila usipopata mwalimu wa kukurekebisha mara kwa mara, utazoea makosa. Mwenye presha au maumivu ya mgongo apitie kwanza kituo cha afya.