Mzigo wa Ukaa, Si Nyayo za Kaboni

Katika chumba cha hoteli moja ya ufukweni, njia ya kwenda Saadani, nilikuta kadi mezani: "Tusaidie kupunguza nyayo za kaboni. Tumia taulo zaidi ya siku moja." Nilimwuliza dada aliyekuwa akitandika kitanda anaielewaje. "Mzee, hapo wageni wanaambiwa wakung'ute miguu, wasituletee mchanga ndani." Hakukosea. Amesoma Kiswahili kilichoandikwa. Aliyekosea ni mwandishi wa kadi, pamoja na jopo la istilahi lililolipitisha neno hilo bila kumwuliza hata mtu mmoja anayefagia vyumba.

Jambo lenyewe msomaji analijua: jumla ya gesijoto zitokanazo na kulala, kula, kuoga na kupozwa na kiyoyozi. Ugomvi wangu ni wa jina.

Wayo kwa Mswahili ni kitu cha kufuatwa. Tunafuata nyayo za wazazi na za walimu. Nchini Kenya, Rais Moi aliposhika madaraka mwaka 1978 aliifanya Nyayo kaulimbiu ya utawala wake, kwa maana ya kumfuata Kenyatta, na uwanja mkubwa wa michezo Nairobi ukapewa jina hilo. Neno lenye heshima hiyo unalibandikaje kwenye moshi wa jenereta? Tena hata huko lilikochukuliwa lilikuwa na kazi nyingine. William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walilitumia katika miaka ya 1990 kupima eneo la ardhi na maji linalohitajika kuwalisha watu na kumeza taka zao. Walihesabu hekta, na mguu kweli hukanyaga eneo. Lilipohamishiwa kwenye kaboni, kampuni ya mafuta ya BP ikalitangaza kwa nguvu katika miaka ya 2000, hesabu ikageuka kuwa ya kilo na tani. Wayo haupimwi kwa mizani.

Wapo wanaoshikilia "alama ya kaboni", na mmoja wao amewahi kunibeza hadharani kwa kuikataa. Namjibu hapa: mtoto akipata alama kubwa shuleni tunampongeza. Hoteli yenye alama kubwa za kaboni tuipongeze pia?

Mimi nasema mzigo wa ukaa, na nimelisema tangu zamani. Pendekezo langu nililipeleka kwa mkono kwa jopo hilohilo la istilahi, likapokelewa kwa muhuri, na sijajibiwa hadi leo. Ukaa hauna ugeni wowote. Lavoisier na wenzake walipopanga upya majina ya kemia mwaka 1787 walirudi kwenye Kilatini *carbo*, yaani makaa. Ukaa ni makaa hayohayo, yametoka jikoni kwetu, na "hewa ukaa" husikika redioni kila siku. Mzigo nao ni neno la pwani hii. Bagamoyo na Saadani zilikuwa miji ya misafara ya karne ya 19. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, na pembe zikipimwa kwa frasila. Mpagazi ametokana na kupagaa, kuchukua mzigo begani. Ndugu yake ni kupagawa, pale pepo anapompanda mtu. Jina la Bagamoyo lenyewe wengi hulieleza kwa kubwaga, na wako wanaosema kilichobwagwa kwanza ni mzigo, ndipo moyo ukapumzika. Mzigo una uzito na una mwenyewe. Hubebwa, hupunguzwa, hutuliwa, na mtu mwerevu huweza kumtwika mwenzake. Vitenzi vyote vinavyohitajika tunavyo tayari.

Hapo ndipo ninapoikataa "kufidia kaboni" pia. Fidia Tanzania ina maana yake: nyumba yako, minazi yako, shamba lako vimechukuliwa, unalipwa. Saadani ilipotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, mpaka wake ulizua mgogoro wa miaka mingi na wakazi wa kitongoji cha Uvinje. Mwambie mtu wa huko kwamba mgeni amelipa fidia ya kulala kwake. Atataka kujua kalipwa nani. Ninachopendekeza ni kupokeza. Mwenye mzigo akichoka njiani, mwenziwe humwambia, "Lete nikupokee." Mikoko ya Ghuba ya Gazi, Kwale, nchini Kenya, hufanya kazi hiyohiyo: mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni tangu mwaka 2013, takriban tani 3,000 kwa mwaka kutoka hekta 117, na fedha huingia kwenye maji na shule za vijiji. Kupokeza pia husema kweli ambayo fidia huificha. Mzigo haukuyeyuka, umebebwa na mwingine, na mikoko ikikatwa unarudi hewani.

Matumizi ni mepesi. Tangu mwaka 2012 hoteli zina utaratibu wa kimataifa wa kugawa ukaa kwa kila chumba kilicholaliwa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa, kwa kuwa kaboni yake huungana na oksijeni ya hewani. Tuseme kambi inachoma lita 40 kwa siku na vyumba 10 vina wageni: kila chumba kina karibu kilo 11 za jenereta peke yake. Ankara iandikwe: "Mzigo wa ukaa, usiku 2, kilo 22, umepokezwa mikoko," na jina la msitu litajwe. Mwenye kambi ambaye hajafunga hata paneli moja ya sola, mgeni wake anapolipia mikoko, tuseme wazi kwamba ametwika.