Chapwa na bei inayotoka mbali

Chapwa ni kata ya mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kote huko mahindi hustawi, ndiyo maana mgeni hushangaa akisikia kaya za mpakani zikilalamikia bei ya unga. Mshangao huo hutokana na kudhani kwamba bei huzaliwa katika shamba lililo karibu. Ukifuatilia yaliyopita utaona kwamba kwa zaidi ya nusu karne bei ya huku imekuwa ikiamuliwa na walaji wa mbali, na zaidi na serikali zinazowaogopa walaji hao.

Mpaka ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ukawaacha Wanyamwanga wakiwa pande mbili. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ziliifungulia Zambia njia ya bahari isiyopita Rhodesia, lakini zilifungua pia njia ya nafaka ya nyanda za juu kwenda Dar es Salaam. Miaka hiyo Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Mbeya alilipwa sawa na wa Morogoro, na gharama ya kuvusha gunia milima yote ile ikabebwa na hazina. Sembe nayo iliuzwa kwa ruzuku mpaka bajeti ya 1984 ilipoifuta. Wazee wengine huukumbuka wakati huo kuwa wa unafuu. Bei ilikuwa ndogo kweli, ila bidhaa zenyewe ziliadimika, na mwaka 1983 walanguzi walisakwa nchi nzima. Mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 bila kibali. Kiwango kilipandishwa hadi kilo 500 mwaka 1984, na masharti yakaondolewa 1987. Hapo ndipo mfanyabiashara mwenye lori alipochukua nafasi ya NMC, na bei ikaanza kuonyesha umbali, msimu na njaa ya jirani. Zambia nayo ilijaribu kupunguza ruzuku ya unga Desemba 1986. Miji ya shaba ikalipuka kwa ghasia, watu wakafa, ruzuku ikarudishwa.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga mpaka. Imejaribiwa. Serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi mwaka 2011, ikazuia tena 2017, na msimu uliofuata bei ikaporomoka vibaya mikononi mwa wakulima, huku njia za panya zikiendelea kupitisha mizigo. Ukame ulipoikumba Zambia mwaka 2024, Tanzania ilikubali kuiuzia tani 650,000 kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Naona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko marufuku, ingawa mama anayenunua unga kwa kilo Tunduma hana sababu ya kuushangilia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: bei ikipanda, si mkulima ndiye anayefaidi? Anafaidi akiwa bado ana mahindi. Kuli, dereva wa bodaboda na mpangaji wa chumba kimoja mjini hawana. Mkulima mdogo naye huuza mwezi wa sita au wa saba ili alipe madeni na ada, kisha mwezi wa pili anarudi sokoni kununua kwa debe, bei ikiwa juu, na ndani yake yamo malipo ya dizeli iliyopanda 2022. Hauzi mapema kwa uzembe. Tangu dumuzi, mdudu mgeni kutoka Amerika, alipoonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ghala la nyumbani limekuwa mahali pa hatari. Wakulima walimpachika jina la Scania, kama lori. Baada ya NMC kuondoka, nani angemnunulia mkulima huyo Julai kwa bei ya Februari?