Mashapo ya risasi na zinki katika miamba ya kaboneti

Mashapo ya risasi na zinki katika miamba ya kaboneti ni malimbikizo ya madini ya salfidi yaliyomo ndani ya mawe ya chokaa na dolomaiti. Madini makuu ni mawili: galena, yenye risasi na salfa, na sfaleriti, yenye zinki na salfa. Kundi mashuhuri zaidi limepewa jina la bonde la mto Mississippi, Marekani. Karibu na mashapo ya kundi hilo, kwa kawaida hakuna volkano wala zaha ya kuyaelezea. Metali zililetwa na maji ya chumvi kutoka mbali.

Maji hayo yalikaa ndani ya tabaka nene za mchanga na matope ya kale, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Chumvi yake ilifika asilimia 10 hadi 30, ilhali bahari ya leo ina asilimia 3.5 hivi. Kloridi iliyomo hushikamana na zinki na risasi, hivyo maji yalizoa metali hizo kidogo kidogo kila yalipopita. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, milima ya Ouachita iliinuka huko Arkansas na Oklahoma. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, mvua iliyonyesha juu yake ilizama ardhini na kuyasukuma maji ya kina kuelekea kaskazini, mamia ya kilomita hadi Missouri.

Safari iliishia pale yalipokutana na hidrojeni salfidi, gesi inayonuka kama yai viza, ambayo hutokea salfeti inapovunjwa na bakteria au na mafuta ya ardhini. Hapo metali haziwezi tena kubaki ndani ya maji, hugeuka fuwele. Mmenyuko huo huzaa asidi, na ndipo chokaa inapofanya kazi yake: asidi huila chokaa, nayo chokaa huipunguza makali asidi. Mwamba hufunguka, nafasi mpya hupatikana, na madini huendelea kujaza mapango na nyufa.

Ushahidi umo ndani ya fuwele zenyewe. Sfaleriti hunasa vitone vya maji visivyoonekana bila hadubini, na ndani ya kitone mna kiputo cha mvuke. Mtaalamu hukipasha moto kipande chembamba mpaka kiputo kitoweke, akapata kiwango cha chini cha joto la maji yaliponaswa. Vipimo vingi huangukia kati ya nyuzi 75 na 150 za Selsiasi. Kisha hukigandisha: barafu ikiyeyuka kwenye baridi kali zaidi, chumvi ilikuwa nyingi zaidi.

Katika ukanda wa Viburnum, Missouri, uliogunduliwa mwaka 1955, risasi ndiyo iliyotawala, ndani ya dolomaiti ya kipindi cha Kambri. Upande wa magharibi, Missouri inapopakana na Kansas na Oklahoma, zinki ilizidi. Uchimbaji wa huko uliuacha mji wa Picher ukizungukwa na vilima vya mabaki yenye risasi. Manispaa yake ilivunjwa mwaka 2009.

Kipushi, karibu na Lubumbashi nchini Kongo, nayo imo ndani ya dolomaiti, lakini maji yake yalikuwa ya moto zaidi na yalibeba pia shaba na jemani. Mgodi ulianza mwaka 1924, ukasimama 1993, na mwaka 2024 ukarudi kutoa zinki.