Uzio wa kuazimana: Halmashauri 5 za Songwe zikichanga, utalinda nini?

Vurugu zilizoanza siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025, ziliua watu na kuacha ofisi nyingi za umma zimeungua nchini. Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, nao ulikumbwa.

Ofisi ikiungua, anayeumia kwanza ni mwananchi: faili la kiwanja, leseni ya biashara, barua ya utambulisho. Wazo moja la kuzilinda ni uzio wa muda unaomilikiwa na halmashauri kadhaa kwa pamoja. Fahamu unavyofanya kazi na unapoishia.

Uzio wa muda ni nini?

Ni paneli za chuma zinazoungwa na kusimama bila kuchimbiwa. Ule uliozungushwa Bunge la Marekani baada ya uvamizi wa 6 Januari 2021 ulikuwa na kimo cha kama mita 2. Uliondolewa Julai mwaka huohuo.

Uzio hauzimi fujo. Unachelewesha tu watu kufika mlangoni, ili waliomo ndani watoke salama.

Kwa nini kuazimana?

Songwe ina halmashauri 5: Mji wa Tunduma, na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Kila moja ikinunua wake ukakaa stoo miaka mitano, hiyo ni hela iliyolala. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Makubaliano yajibu nini?

- Paneli ziko kwenye daftari la mali la nani, na zinatunzwa wapi?
- Nani anaomba, nani anaidhinisha?
- Nani analipa lori, mafundi na paneli zilizoharibika?
- Wakiomba wawili siku moja, nani anapewa kwanza?
- Uzio unaondolewa lini?

Swali la mwisho ndilo husahaulika. Uzio usio na tarehe ya kutoka hugeuka ukuta.

Unakwama wapi?

Fujo hazipangi foleni. Oktoba 2025 miji mingi iliwaka siku moja. Paneli zilizoko stoo Vwawa haziwezi kuwa Tunduma, Itumba na Mkwajuni kwa wakati mmoja. Halafu kutoka Vwawa hadi Tunduma unapita barabara kuu ileile ya malori ya Zambia. Ikifungwa, umechelewa.

Ndiyo maana uzio wa kuazima unafaa zaidi kwa tukio lenye tarehe inayojulikana. Mjini Minneapolis, Marekani, jengo la mahakama lilizungushiwa uzio Machi 2021, kabla ya kesi ya polisi Derek Chauvin, aliyemuua George Floyd, kuanza kusikilizwa.

Funzo la Kenya

Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi. Mwaka mmoja baadaye, siku kama hiyo, polisi walifunga barabara za kwenda Bungeni kwa seng'enge za wembe. Bunge halikuingiwa, lakini watu waliuawa siku hiyo, na Mahakama ya Kikuyu, nje ya Nairobi, ilichomwa moto.

Yaani jengo kubwa likilindwa, hasira inaweza kuhamia dogo.

Na ofisi ya kata je?

Hapo uzio hausaidii sana. Kata ni nyingi na paneli hazitoshi. Kinga ya bei nafuu ni nakala: nyaraka zipigwe picha, zihifadhiwe kwenye mfumo wa kompyuta na nakala nyingine ikae nje ya jengo hilo. Karatasi ikiungua, haki yako inabaki.

Mipaka yake

Ibara ya 20 ya Katiba inalinda uhuru wa watu kukutana na kutoa mawazo hadharani. Uzio ukae karibu na jengo, usizibe uwanja wala barabara nzima. Njia ya gari la wagonjwa na zimamoto iachwe wazi. Hospitali isizungushiwe kabisa.

Ibara ya 146 nayo inazitaja kazi za serikali za mitaa: kuhakikisha utekelezaji wa sheria, ulinzi wa wananchi na kuimarisha demokrasia. Zote tatu zinakwenda pamoja.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Kabla ya kumuuliza diwani wako kuhusu uzio, muulize hili: nakala ya faili langu iko wapi?